Wanaume Saba Mbele ya Mlango Uliofungwa

Picha ile imetundikwa kwenye ukuta wa maktaba ya wilaya, karibu na choo, na chini yake wameandika: "Wapuraji wakingoja chakula cha mchana, Julai 1943." Wanaume saba wamejipanga mbele ya mlango wa jikoni, kofia mkononi, nyuso zimeoshwa, nywele zimelazwa kwa maji. Binti wa maktaba aliniuliza kama nawatambua. Nikamwambia nawatambua wote, na mlango nautambua, na kitasa chake nakitambua. Wanangoja chakula, ndiyo. Lakini mtu akiniambia nyuso zile ni za subira ya mkulima, kama alivyoandika msomi mmoja wa chuo kikuu, nitacheka mpaka meno yangu ya bandia yaanguke sakafuni. Wale walikuwa wamefungiwa nje. Ngojeni niwaambie.

Mimi ni Antje Tjaden. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, na mume wangu Reemt aliondoka Februari kwenda jeshini. Aliniachia shamba hapa Iowa, farasi wawili, ng'ombe sita wa maziwa, na mama yake. Shamba lenyewe halikuwa letu. Mwenyewe alikuwa daktari wa meno huko mjini. Alikuja Aprili, akasimama uani bila kuvua glavu zake, akasema hana ubaya na mimi hata kidogo, ila shayiri isipoingia ghalani mwaka huu, ikifika Machi mosi nihame, ampangishe mtu mwenye mwanamume nyumbani. Nikamwuliza kama ng'ombe wameshamlalamikia kwamba mkamuaji amevaa sketi. Hakucheka. Watu wa meno hawacheki.

Mama mkwe wangu Geske naye hakuwa upande wangu. Yeye aliona heri tuhame mapema, kwa heshima, tukakae kwa dada yake, tufume soksi mpaka vita viishe.

"Kuna kazi na kuna aibu," aliniambia akimimina chai. "Mwanamke juu ya gari la miganda ni aibu."

"Na Reemt akirudi akute nini, Mama? Soksi?"

Akanyamaza, akanywa chai yake. Geske alikuwa na kipawa cha kunyamaza. Mtu angeweza kunyamaziwa naye tangu Jumatatu hadi siku ya kanisa.

Siku zile hakuna nyumba iliyokuwa na mashine ya kupura peke yake. Ilikuwa moja kwa nyumba saba za barabara yetu, mali ya Mzee Eilert Wubbena, na ule umoja tuliuita Mzunguko. Kila nyumba inaleta gari, farasi wawili na mwanamume mmoja, na mwenye mashine anaongeza kibarua wa kuendesha gari lake. Mashine inahama shamba hadi shamba, wote wanafanya kazi kwa kila mmoja, na wanawake wa nyumba zote wanapika kwenye nyumba yenye zamu. Mwenye mashine hupura yake mwisho, watu wasije wakasema anajipendelea. Usipokuwa ndani ya Mzunguko, shayiri yako inakaa shambani ikinyeshewa mpaka inachipua.

Basi Juni nikaenda mkutanoni kwa Mzee Eilert. Wanaume walikuwa wamekaa ghalani juu ya ndoo na masanduku. Walipangana zamu zao, jina langu likapitwa. Nikangoja mpaka wakamaliza.

"Na sisi?" nikauliza.

Eilert akajikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. "Binti, sheria unaijua. Gari, farasi, na mwanamume."

"Gari ninalo. Farasi ninao."

"Cha tatu je?" akauliza Habbo Janssen, na wote wakaangua kicheko. Habbo hakuwahi kukutana na kimya asikitie maneno.

"Cha tatu kiko jeshini kinakupigania wewe na domo lako," nikamjibu. Kicheko kikaisha. "Nitapanda mwenyewe. Nitapakia, nitaendesha, nitapakua. Kwenu nyote."

Eilert akainuka kwenye ndoo yake. Mwishowe akasema haya, tujaribu, lakini zamu yangu iwe ya sita, kabla tu ya yake, na kwa masharti mawili. Mzigo usianguke njiani, na mashine isikae tupu kwa ajili yangu. Moja kati ya hayo likivunjwa mara mbili, nimetoka.

"Mashine haisimami kwa mtu," akasema. "Hata kwangu mimi."

Maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga. Siku ya kwanza kabisa, kwa akina Janssen, mzigo wangu ukaanguka. Nilijua kupanga miganda, baba alinifundisha: shina zikae nje, masuke yakae ndani, katikati pajazwe mpaka pavimbe ili pande zote ziegemee ndani. Lakini niliharakisha, katikati nikapaacha na shimo, na kwenye kona ya daraja upande mzima ukaserereka ukaingia mtaroni. Wanaume wakasimama kutazama. Hakuna aliyenisaidia, na hiyo ndiyo desturi. Aliyeangusha anaokota mwenyewe.

"Antje," Habbo akaita, "kuku wangu wanasema asante kwa karamu."

"Waambie wakuachie na wewe," nikasema, na nikaendelea kuokota. Mikono ilitoka damu. Nililia pia, lakini niliinama ili nionekane natafuta uma wangu wa miganda.

Baada ya hapo haukuanguka tena. Kwa siku nane nilipakia kwenye mashamba matano, nikajifunza kuwasoma farasi wangu, nikajifunza kurusha mganda masuke yakitangulia mdomoni mwa mashine bila kutazama. Gari la mbele yangu likiisha, mimi nipo. Eilert alikuwa na kipande cha bati alichokipiga nyundo mashine ikikaa tupu, ili mwenye kuchelewa aaibike mpaka mashamba ya mbali. Mimi bati hilo sikuwahi kupigiwa. Habbo alipigiwa mara tatu.

Siku ya tisa, Alhamisi, mashine ikaja kwetu.

Tulianza umande ulipokauka. Geske alikuwa jikoni na wanawake watatu wa jirani tangu alfajiri. Walikuwa wamechanga kuponi zao za mgao wa sukari za mwezi mzima ili kuoka pai za cheri, na kulikuwa na kuku wa kukaanga, viazi vya kuponda, na matango ya siki. Alikuwa bado hajakubali niwe juu ya gari. Alipika kwa sababu ni shayiri ya mwanawe, basi.

Kufikia saa tano mchana, zaidi ya nusu ya shamba ilikuwa imeshaingia, ila upande wa magharibi mbingu ilikuwa imeanza kuvimba, buluu iliyoiva. Kila mtu aliiona. Tulihesabu magari tisa yaliyobaki. Tukikazana, tungemaliza saa nane.

Hapo ndipo gari la serikali likaingia uani.

Alishuka kijana mwenye tai, na kamera shingoni, na nyingine ya miguu mitatu kwenye buti. Jina lake Pelletier. Alikuwa ametumwa kutoka Washington kupiga picha za maisha ya vijijini wakati wa vita. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Huyu nusura atuue.

"Mke wa mwenye shamba yuko wapi?" akauliza.

Habbo akaonyesha juu kwa uma. Nilikuwa juu ya mzigo, nimevaa ovaroli ya Reemt iliyokunjwa miguuni mara tatu, makapi yamejaa mpaka masikioni. Pelletier alinitazama jinsi mtu anavyotazama chakula ambacho hakukiagiza.

"Bibie, ungeweza kushuka ukavaa aproni? Nakuona umeshika pai, unawapelekea hawa mabwana."

"Nikishuka nani atapakua?"

"Dakika tano tu."

"Liulize lile wingu kama linazo."

Nikaendelea kurusha. Nilidhani yameisha. Kumbe alimwendea Mzee Eilert kwenye trekta inayoizungusha mashine kwa mkanda, akamwambia kwa sauti ya kushinda kelele za mashine, hata mimi nikasikia: "Picha hizi zinakwenda kwenye magazeti ya askari. Vijana wenu wataziona huko waliko."

Eilert alikuwa na mtoto mmoja tu, Folkert, kwenye meli ya vita huko Pasifiki. Barua ya mwisho ilikuja wakati wa Pasaka. Nilimwona mzee akisimama na mkono kwenye wenzo, amekodoa macho, halafu akauvuta.

Mkanda ukapungua mwendo, ukalegea, ukasimama. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikasikia ndege.

Wanaume wakakimbilia pampu kunawa. Habbo akaomba kuazimwa kitana, yeye ambaye nywele zake hazikuona kitana tangu ubatizo. Mimi nikashuka, nikamfuata Eilert, moyo unanidunda kwa hasira.

"Mzee, sheria ni yako. Mashine haisimami kwa mtu."

"Dakika tano, binti."

"Mvua inakuja."

"Nimeiona." Hakunitazama. "Dakika tano."

Zikawa arubaini. Kwanza vumbi litulie. Kisha jua likaingia wingu, tungoje litoke. Kisha ukuta wa ghala una kivuli kibaya, twende mbele ya mlango wa jikoni, pale pana mwanga mzuri, na pai zitaletwa hapo hapo. Wanaume wakajipanga. Wakajipangua, mrefu aende nyuma. Mimi nilirudi juu ya gari langu. Sikuwa na la kufanya pale juu, mashine haili miganda ikiwa imelala, lakini niliapa kwamba mtu atakayenitazama atakuta gari la Tjaden liko tayari. Nilimchukia kila mmoja wao. Nilimfikiria yule daktari wa meno na glavu zake.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Geske akatoka na kitambaa begani. Akatazama mashine iliyonyamaza. Akatazama shambani, marundo ya miganda bado yamesimama. Akatazama mbingu.

"Imeharibika?" akauliza.

"La, Mama Geske," Habbo akasema, kifua mbele. "Tunapigwa picha."

Geske aligeuka. Alirudi ndani, akafunga mlango, na sote tukasikia ufunguo ukizunguka. Nikajisemea, haya, leo ametunyamazia na chakula juu.

Lakini dirisha likafunguka. "Asiyefanya kazi na asile," akasema. "Kaandika mtume Paulo, mimi naisoma tu."

Wanaume wakatazamana. Habbo akajaribu kucheka. "Mama Geske, kuku atapoa."

"Kuku ameshakufa, hana haraka. Shayiri ya mwanangu ndiyo yenye haraka."

Hapo ndipo Pelletier alipobonyeza kamera. Hiyo ndiyo picha yenu ya maktaba, na nyuso zile ndizo nyuso za watu walioshinda kazini tangu umande ukauke, wanasikia harufu ya kuku kupitia tundu la ufunguo.

Eilert akasogea mlangoni, akagonga taratibu. "Geske, fungua. Tusiaibishane mbele ya mgeni."

"Mgeni nimemwona. Mwanangu ndiye sijamwona huu mwezi wa tano." Akanyoosha kidole kupita dirishani. "Aliyebaki na shamba lake ni yule pale. Antje."

"Abee, Mama."

"Uko wapi?"

"Niko juu ya gari."

"Ukishuka hapo kabla shamba halijaisha, na wewe utalala nje na hawa."

Dirisha likafungwa. Nilikuwa nimeolewa katika nyumba ile miaka mitatu, na siku ile ndiyo nilijua mama mkwe wangu alikuwa ananihesabu mtu wa nyumba ile. Nikashika uma wangu nikatazama mbele, maana nikianza kulia Habbo angepata neno.

Hakuna aliyetoa amri. Eilert alikwenda kwenye trekta peke yake, akasukuma wenzo, mkanda ukakaza, mashine ikaanza kunguruma. Nikarusha mganda wa kwanza kabla haijafika mwendo wake. Wengine wakakimbilia magari yao na nywele zao zilizochanwa. Pelletier alibaki mbele ya mlango na kamera yake. Akagonga, kwa adabu kabisa, akasema yeye amesafiri tangu jana. Geske akamwuliza kupitia tundu la ufunguo kama mikono yake ina ugonjwa. Baada ya muda tukamwona amevua koti na tai, anashika magunia chini ya mdomo wa punje, anapiga chafya kila gunia. Ndiyo maana kutoka shamba letu ipo picha moja tu.

Nimefanya kazi nyingi maishani, lakini si kama saa zile. Upepo ulibadilika, ukaanza kuja wa baridi. Gari likiondoka jingine linaingia, farasi wanakimbia na magari matupu, na hakuna aliyetania, hata Habbo. Gari la mwisho lilikuwa langu. Nililipakia juu kuliko yote niliyowahi kupakia kwa sababu hakukuwa na nafasi ya safari nyingine, na nikalipitisha kwenye kona ya uani polepole, nikiongea na farasi, mzigo ukilia chini ya miguu yangu. Haukuanguka. Punje za mwisho zilipotoka, wanaume wanne walibeba gunia moja moja mgongoni mpaka ghalani, na mlango wa ghala ulipofungwa, matone ya kwanza yalikuwa yanapiga bati.

Mlango wa jikoni tuliukuta wazi. Geske akapakua kama vile hakuna kilichotokea, na Habbo akala vipande vinne vya pai. Mzee Eilert alikula amesimama dirishani. Mashamba yake yalikuwa ng'ambo ya barabara, ekari ishirini za miganda, na mvua ilikuwa inayapiga yote. Kama si zile dakika arubaini angewahi kuhamisha mashine, akapura angalau sehemu. Kila mtu mezani alikuwa ameshapiga hesabu hiyo, na hakuna aliyeisema.

Nilifurahi. Sitawadanganya, nimezeeka mno kudanganya. Nililala nikiisikiliza mvua ile, nikasema, inyeshe, aonje.

Asubuhi jua likatoka, na furaha ilikuwa imeshachacha. Nilikunywa chai yangu nimesimama.

"Unakwenda wapi?" Geske akauliza. "Leo hakuna kupura, kumelowa."

"Kwa Mzee Eilert."

"Alisimamisha mashine kwa mkono wake mwenyewe."

"Najua, Mama. Lakini nikikaa hapa leo, nilikuwa kwenye Mzunguko wa nini? Wa kupuriwa tu?"

Akanifungia mkate na nyama kwenye kitambaa. Vipande viwili, si kimoja.

Nilimkuta peke yake shambani, suruali imelowa mpaka magotini, anabomoa marundo na kulaza miganda mmoja mmoja ili jua liingie kabla masuke hayajachipua. Wengine walikuwa hawajafika. Aliniona, akaendelea.

"Leo hakuna kazi ya gari," akasema.

"Sikuja na gari."

Nikaanza mstari wa pili. Miganda iliyonyeshewa ni mizito, na maji yake yanaingia mikononi mpaka kwapani. Tulikwenda sambamba mistari mitatu. Mwanzoni mwa mstari wa nne akasimama, akajifuta uso kwa kiwiko.

"Nilitaka Folkert anione," akasema. "Tangu Pasaka sijui kama yuko hai. Nikasema, akifungua gazeti aone baba yake amesimama."

"Pole, Mzee."

"Ningekuambia hivyo jana, ungekubali tusimame?"

Ningeweza kumdanganya. Alikuwa amelowa, amezeeka usiku mmoja, na uongo ule usingenigharimu kitu. "Nisingekubali."

Akatikisa kichwa, taratibu. "Na ingekuwa Reemt ndiye anayengoja kukuona wewe?"

Nilimwona Reemt wakati ule, mbele yangu kabisa, na masikio yake makubwa, na machozi yakanitoka, na safari hii sikuinama. "Nisingesimama pia, Mzee. Reemt hangoji picha. Anangoja pa kurudi."

Eilert akatazama ekari zake zilizolowa, nyumba yake, na ile barabara ya kuingilia ambayo kijana wake angeipita akirudi. Aliinama akashika rundo lililofuata, akalibomoa, na nikaona anafanya haraka kuliko mwanzo.

"Chukua upande wa mtoni," akasema. "Huko ndiko kunakochelewa kukauka."